Usonji: Seli za Nani Ziko Kwenye Kisahani?

Mwaka juzi mpwa wangu aling'oka jino la kwanza la mbele. Mama yetu, yaani bibi yake, hakusubiri. Alimshika mkono akamtoa uani, pale nyumbani Magomeni, Bagamoyo, akamwonyesha paa. Ni desturi tuliyokulia nayo: jino la utoto hutupwa juu ya nyumba na mtoto huomba aletewe jipya. Enzi za makuti jino lilinasa huko juu likapotea kimya kimya. Siku hizi paa ni bati, jino likitua hulia, huteleza, hurudi chini. Kijana aliupenda ule mlio kuliko kitu chochote alichopata wiki ile. Alilirusha tena na tena, na lilipopotea mchangani akaendelea na vijiwe mpaka adhana ya Magharibi. Hakuomba jino jipya, kwa sababu hasemi. Alikuwa na miaka saba, na ana usonji, hali ya ukuaji wa ubongo ambayo kwa Kiingereza huitwa autism.

Nilikuja kulikumbuka jino lile baadaye, niliposoma habari za Chuo Kikuu cha California kule San Diego. Huko mtafiti kutoka Brazili, Alysson Muotri, aliwaomba wazazi wa watoto wenye usonji wamtumie meno ya utoto. Walipewa kichupa chenye maji maalumu ya kulisha seli, jino likang'oka, likaingia kichupani, likasafirishwa. Katikati ya jino la mtoto kuna nyama laini, na ndani ya nyama hiyo kuna seli ambazo bado zinaishi. Maabara yake ilizirudisha seli hizo kuwa seli shina, yaani seli changa zinazoweza kugeuka seli za aina yoyote, kisha kwenye kisahani cha maabara ikazigeuza seli za ubongo zenye vinasaba vilevile vya mtoto mwenye jino. Kwa mtoto mmoja waliona jeni, yaani kipande kimoja cha vinasaba, iitwayo TRPC6 imekatika, na seli zake za ubongo zilikuwa na matawi pungufu kuliko za watoto wengine.

Naandika haya kwa sababu naamini kazi hii inatuhusu sisi watu wa Bagamoyo kuliko inavyoonekana kwa mbali, na kwamba kadiri inavyosonga mbele bila sisi, ndivyo majibu yake yatakavyotufaa kidogo.

Kwa nini ihitajike kuzunguka kote huko, kutoka jino mpaka ubongo? Malaria tunaiona kwenye tone la damu. Selimundu, ugonjwa tunaoufahamu vizuri huku pwani, nao unaonekana kwenye damu: herufi moja ya vinasaba imebadilika, chembe nyekundu ikachukua umbo la mundu, mtaalamu akiinamia hadubini anaiona. Ubongo hauchotwi. Hakuna daktari atakayefungua fuvu la mtoto aliye hai akate kipande ili aangalie tu. Kwa miongo mingi watafiti wa usonji walitegemea ubongo wa marehemu wachache, panya wa maabara, na kuitazama tabia ya mtoto kwa nje. Panya hana maneno ya kupoteza. Na ubongo wa mtu aliyefariki akiwa na miaka 30 hauwezi kusimulia kilichotokea alipokuwa tumboni mwa mama yake, ambako ushahidi mwingi unaonyesha ndiko mambo mengi ya usonji huanzia.

Kwa kuwa ndani hapakuonekana, watu walimtazama mama. Leo Kanner alipoandika mwaka 1943 kuhusu watoto 11 aliowaona Marekani, ndipo hali hii ilipoanza kupewa jina la kitabibu. Na katika miaka iliyofuata madaktari wa huko walisema usonji unatokana na mama asiye na upendo, mama mwenye ubaridi wa jokofu. Wanawake waliambiwa hivyo na watu wenye shahada. Dada yangu hakuambiwa habari za jokofu. Aliambiwa alipita ufukweni jioni na ujauzito wake, akakanyaga pasipokanyagwa. Mtoto akasomewa, akanyweshwa kombe, akavalishwa hirizi. Siwacheki waliofanya hivyo, maana walimpenda yule mtoto na walitaka kufanya jambo. Ila nilimwona dada akirudi nyuma katika kumbukumbu zake, siku baada ya siku, kutafuta ni jioni ipi hasa.

Mwaka 1977, Susan Folstein na Michael Rutter walichapisha utafiti wa jozi 21 za mapacha. Kati ya jozi 11 za pacha wa kufanana kabisa, jozi nne wote wawili walikuwa na usonji. Kati ya jozi 10 za pacha wasiofanana hapakuwa na hata moja. Idadi ni ndogo, lakini ilitosha kuanza kumwondoa mama kizimbani. Utafiti mkubwa uliotoka mwaka 2019, uliohusisha watoto takriban milioni mbili wa Denmark, Finland, Sweden, Israeli na Australia Magharibi, ulikadiria kwamba asilimia 80 hivi ya tofauti kati ya watu katika kupata usonji inatokana na vinasaba walivyorithi. Basi vinasaba vinahusika sana. Ila kujua kwamba vinahusika hakukuambii vinafanya nini. Hapo ndipo seli shina zinapoingia.

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Tuliyofundishwa shuleni kuhusu seli yalikuwa hivyohivyo: seli ya kiinitete, yaani mimba changa kabisa, ni mbichi, inaweza kuwa moyo, mfupa au jicho, ikishakuwa ngozi imekauka, haikunjiki. Wa kwanza kulitilia shaka jambo hilo kwa ushahidi alikuwa Mwingereza John Gurdon, mwaka 1962. Alichukua kiini cha seli ya utumbo wa kiluwiluwi cha chura wa Kiafrika, akakiweka ndani ya yai la chura lisilo na kiini chake, na yai likakua. Maana yake seli ya utumbo ilikuwa bado imehifadhi maelekezo yote ya kutengeneza chura mzima. Kisha mwaka 2006 Shinya Yamanaka na Kazutoshi Takahashi, wa Chuo Kikuu cha Kyoto, Japani, waliingiza jeni nne tu kwenye seli za ngozi ya panya, na seli zikarudi utotoni. Mwaka 2007 wakafanya hivyo kwa seli za binadamu. Ni kama mtu amechukua ng'onda sokoni akamrudisha kuwa samaki mbichi. Gurdon na Yamanaka walipewa Tuzo ya Nobeli kwa pamoja mwaka 2012.

Kuna jambo lingine katika ugunduzi huo ambalo kwa jamii yetu si dogo. Kabla yake, seli shina zenye uwezo wa kuwa chochote zilipatikana kwa kuvunja kiinitete cha binadamu, na watu wa dini, misikitini na makanisani, walikuwa na haki ya kusita. Njia ya Yamanaka haimgusi kiumbe yeyote. Kipande kidogo cha ngozi, damu kidogo, au jino lililokuwa linakwenda kutupwa vinatosha.

Seli ikishakuwa mbichi inalishwa kemikali kwa mpangilio, wiki baada ya wiki, mpaka inakuwa seli ya ubongo. Inaota matawi, inaungana na jirani yake, inapeleka umeme. Zikiachwa zikue kwa pamoja ndani ya maji zinajikusanya kuwa donge dogo kama punje ya choroko, lenye tabaka zinazofanana na za ubongo wa mtoto aliye tumboni. Donge hilo huitwa oganoidi. Wapo wanaoliita ubongo mdogo, na mimi silipendi jina hilo. Donge halina mishipa ya damu, halina masikio, halina mama wa kulisemesha. Faida yake ni kwamba linakua mbele ya macho ya mtafiti, na kwa mara ya kwanza mambo ya ndani ya tumbo yanaweza kutazamwa yakitokea.

Mfano ninaopenda kuueleza kwa kirefu ni wa ugonjwa wa Timothy, kwa sababu unaonyesha njia nzima kutoka mwanzo mpaka ilipofikia. Ni ugonjwa adimu sana. Mtoto huzaliwa na vidole vilivyoungana, moyo wake hupiga kwa hitilafu inayoweza kuusimamisha ghafla, na wengi wanaonusurika huwa na usonji. Chanzo ni herufi moja iliyobadilika katika jeni iitwayo CACNA1C. Jeni hiyo hutengeneza mlango katika ukuta wa seli, mlango wa kuingizia kalsiamu, madini yaleyale tunayoyapata kwenye dagaa. Kwa watoto hawa mlango unachelewa kufungwa.

Mwaka 2011 Sergiu Pașca, daktari mzaliwa wa Romania, na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford walichukua ngozi ya wagonjwa wa Timothy wakaigeuza seli za ubongo. Waliona kalsiamu ikifurika ndani. Waliona pia kwamba baadhi ya aina za seli za tabaka za ubongo zilikuwa pungufu. Baadaye, mwaka 2017, wakaunganisha madonge mawili ya sehemu mbili tofauti za ubongo, ili watazame seli zikihama kutoka moja kwenda jingine, kama zinavyohama kwa mtoto anayekua tumboni. Seli za wagonjwa zilirukaruka mara nyingi zaidi kuliko za watu wengine, ila kila mruko ulikuwa mfupi, na mwisho wa siku zilibaki nyuma. Nilipolisoma hilo nilinyamaza kidogo. Seli haikuwa mvivu wala haikukosa nia ya kwenda. Ilihangaika sana na bado haikufika.

Mwaka 2022 waliyapandikiza madonge hayo katika ubongo wa panya wachanga, yakapata damu, yakakomaa kuliko yanavyoweza kisahanini. Na mwaka 2024 wakaja na kitu cha kutengeneza. Jeni ile inaweza kusomwa na seli kwa namna mbili, na kosa limekaa katika namna moja. Walitengeneza kipande kifupi cha kemikali kinachofanana na vinasaba, kazi yake kuisukuma seli isome ile namna nyingine isiyo na kosa. Sindano moja, na seli za binadamu zilizokuwa ndani ya panya zikaanza kufunga mlango wa kalsiamu inavyotakiwa. Nasema tena: ndani ya panya. Kutoka hapo mpaka kwa mtoto kuna safari, na mwenye haraka anaweza kuua. Hata hivyo miaka 13 kutoka kipande cha ngozi mpaka sindano iliyolenga kosa lenyewe si kitu cha kupuuza.

Ugonjwa wa Rett nautaja kwa ufupi. Huwapata zaidi wasichana. Mtoto hukua vizuri mwaka wa kwanza, kisha maneno aliyoyajua yanatoweka na mikono inasahau kushika. Huda Zoghbi na wenzake waligundua mwaka 1999 kwamba ni jeni ya MECP2. Mwaka 2010 Maria Marchetto, Muotri na Fred Gage, katika Taasisi ya Salk, walionyesha kisahanini kwamba seli za wasichana hao zina maungano machache na miili midogo, na kwamba kichocheo cha ukuaji kiitwacho IGF-1 kiliongeza maungano hayo. Mwaka 2023 Marekani iliidhinisha dawa ya kwanza ya Rett, trofinetide, ambayo imetokana na kipande cha kichocheo hichohicho. Kisahani hakikuizaa dawa hiyo peke yake, panya nao walichangia sana, lakini mambo haya yanakwenda kwa kusaidiana.

Sasa msomaji mwenye mtoto ataniuliza: na wangu? Kwa sababu wengi hawana Timothy wala Rett. Usonji wa mtoto wa kawaida wa mtaani hauna herufi moja iliyokosewa kama selimundu. Uchambuzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2020 ulihusisha jeni 102 na usonji, na hizo ni zile tu ambazo moja ikiharibika inatosha kuleta mabadiliko makubwa. Nyuma yake yako mabadiliko madogomadogo kwa mamia, kila moja likiongeza kidogo. Hata hivyo seli shina hazihitaji kujua jeni kwanza. Mwaka 2015 kundi la Flora Vaccarino wa Chuo Kikuu cha Yale lilikuza madonge kutokana na seli za familia nne ambazo sababu ya usonji wa watoto wao haikujulikana. Waliona seli za kutuliza, zile zinazopunguza kelele ya umeme katika ubongo, zikitengenezwa kupita kiasi. Mtoto mwenyewe ndiye swali, na seli zake zinatoa dalili ya jibu kabla jina la jeni halijapatikana.

Hapa lazima niseme kwa sauti jambo moja, kwa kuwa linawagharimu watu fedha. Kuutafiti usonji kwa kutumia seli shina ni kitu kimoja. Kumdunga mtoto seli shina ili apone ni kitu kingine kabisa. Wapo wanaotumia jina la sayansi ya kwanza kuuza ya pili, na ujumbe wao unafika kwenye simu za kina mama wa Bagamoyo kama unavyofika kwingine: lete mtoto, lipa, atasema. Chuo Kikuu cha Duke kilifanya majaribio ya haki kabisa, watoto 180, baadhi wakapewa damu ya kitovu, ambayo ina seli shina, na wengine maji yasiyo na kitu, bila wazazi kujua nani kapewa nini. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020: kwa ujumla, damu ya kitovu haikuboresha uwezo wa watoto kuhusiana na watu. Mzazi atakayeuza kiwanja kwa ajili ya sindano hiyo anauza kiwanja bure. Fedha hizo zingemlipa mtaalamu wa kumfundisha mtoto kuwasiliana kwa picha na ishara, kazi ambayo haina miujiza lakini inamfanya mtoto aweze kusema ana njaa.

Nirudi kwenye kisahani, kwa kuwa hapo ndipo hoja yangu ilipo. Mwaka 2022 kundi la Paola Arlotta wa Chuo Kikuu cha Harvard lilichukua jeni tatu za usonji, SUV420H1, ARID1B na CHD8, likaziharibu moja moja kwenye seli za watu tofauti na kukuza madonge. Jeni zote tatu zilivuruga wakati: baadhi ya seli zilikomaa mapema au kuchelewa, kama wanafunzi wa darasa moja waliopigiwa kengele tofauti. Lakini ukubwa wa mvurugiko ulitegemea seli zilitoka kwa nani. Kosa lilelile, katika jeni ileile, lilikuwa zito kwa mmoja na jepesi kwa mwingine, kwa sababu vinasaba vingine vyote vilivyolizunguka vilikuwa tofauti.

Tafakari hilo halafu angalia nani wamo kwenye majokofu. Benki kubwa za seli shina duniani zimejaa seli za watu wenye asili ya Ulaya. Ilhali bara lenye tofauti nyingi zaidi za vinasaba duniani ni hili letu. Watafiti wa mradi wa H3Africa waliposoma vinasaba vyote vya watu 426 kutoka makundi 50 ya Afrika, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2020 yalionyesha mabadiliko zaidi ya milioni tatu ambayo hayakuwahi kuandikwa popote. Watu 426 tu! Leo mtoto wa Kiafrika akipimwa jeni, ana uwezekano mkubwa zaidi wa kupewa karatasi isemayo kwamba badiliko limeonekana lakini maana yake haijulikani. Mashine imefanya kazi yake vizuri. Kilichokosekana ni watu kama yeye wa kumlinganisha naye. Na kama mazingira ya vinasaba yanaamua kosa litakuwa zito kiasi gani, basi dawa iliyojaribiwa kwenye visahani vya watu wa asili moja inaweza ikafika kwetu ikiwa na kipimo kisicho chetu.

Hatuanzi sifuri. Kilifi, ng'ambo ya mpaka, wapo watafiti wa mradi uitwao NeuroDev, akiwemo Profesa Amina Abubakar, ambao pamoja na wenzao wa Cape Town wanakusanya vinasaba vya watoto wenye matatizo ya ukuaji wa ubongo. Vinasaba haviishii mpakani Horohoro. Wadigo wako Kwale na wako Tanga, ndugu kwa ndugu, na mitumbwi yetu ilikuwa inakwenda Mombasa kabla mpaka haujachorwa. Kinachojifunzwa Kilifi kinatuhusu, na hatua ya kutoka kwenye vinasaba vilivyosomwa kwenda kwenye seli zilizo hai ni hatua ambayo pwani nzima inaweza kuipiga pamoja.

Wapo watakaosema Bagamoyo haiwezi mambo haya. Ni watu wasioijua Bagamoyo. Taasisi ya Afya Ifakara ina kituo chake hapa. Mwezi Mei mwaka 2009 majaribio ya mwisho ya chanjo ya malaria ya RTS,S yalianzia hapahapa mjini kwetu, na Korogwe mkoani Tanga nako kulikuwa kituo kimojawapo kati ya vituo 11 vya nchi saba. Watoto zaidi ya 15,000 walishiriki, na mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza chanjo hiyo kwa watoto wa Afrika. Baadaye ikaja hapa chanjo nyingine ya majaribio, PfSPZ, yenye vimelea hai wanaotunzwa ndani ya mvuke wa naitrojeni ya kimiminika. Ni baridi hiyohiyo inayotunza seli shina. Wazazi wa mji huu wanajua kukaa kwenye benchi, kusomewa fomu, kuuliza, kukubali au kukataa. Huo ni ujuzi, na hauhesabiwi popote.

Lakini fomu ya malaria haitatosha, na hili nimelifikiria sana. Damu ya malaria ikishapimwa imekwisha. Seli shina haziishi hivyo. Zinagawanyika, zinagandishwa, zinayeyushwa, zinatumwa bara jingine, zinagawanyika tena, na zinaweza kuwa bado zinafanya kazi mtoto akiwa mzee. Dunia imeshaona mfano wake. Mwaka 1951 seli za Henrietta Lacks, mama Mmarekani mweusi aliyekuwa akitibiwa saratani Baltimore, zilichukuliwa bila ridhaa yake, zikaenea katika maabara za dunia nzima, watu wakatajirika. Familia yake ilifikia makubaliano ya fidia na kampuni moja mwaka 2023, miaka 72 baadaye. Fomu ya Kiswahili itakayoandikwa kwa ajili ya kazi hii isiishie kwenye neno sampuli. Imwambie mama kwamba kitu cha mwanawe kitaendelea kuishi mbali naye. Imwambie kinatunzwa nchi gani, nani anaruhusiwa kukinakili, nani atafaidika kikizaa dawa, na imwambie atapewa matokeo kwa lugha gani. Nakala moja ya seli ibaki nchini. Na awepo kijana wa Kitanzania anayefundishwa kuzikuza, asiwepo wa kubeba kasha la barafu tu.

Nilimweleza dada yangu haya yote jioni moja barazani. Alisikiliza mpaka mwisho, akazungusha kikombe cha chai mkononi.

“Mdogo wangu,” akasema, “na yeye mwenyewe akikua akakataa?”

Sikuwa na jibu la haraka. Swali la aina hiyo liliulizwa Uingereza mwaka 2021 na watu wazima wenye usonji, pale mradi mkubwa wa Spectrum 10K ulipotaka vinasaba vya watu 10,000. Walitaka kujua vitatumika kwa nini, na wengi walihofia siku moja vitatumika kuzuia watu kama wao wasizaliwe. Mradi ulisimamishwa wiki chache baada ya kutangazwa. Nawaelewa. Mpwa wangu anayecheka bati likilia si kosa la kufutwa. Ningependa apate usingizi, apunguze kifafa kinachomsumbua usiku, aweze kutuambia jino linapouma. Utafiti unaolenga hayo nauunga mkono kwa moyo wote. Kwa hiyo fomu iwe na sehemu ya kumrudia mtoto atakapokuwa mkubwa, kwa maneno au kwa picha au kwa namna yoyote anayoielewa, na seli ziharibiwe akisema hapana. Dada aliposikia hivyo alisema huo sasa ndio utaratibu.

Tulizungumza pia habari ya nani kauleta usonji huo. Niliogopa kwamba nikishasema vinasaba, upande wa mume utasema ukoo wenu. Nikamweleza kuwa watafiti wamewakuta watoto wengi wenye badiliko ambalo baba hana na mama hana. Limetokea jipya, katika yai au mbegu, kama herufi inavyokosewa barua inaponakiliwa. Hakuna aliyelileta. Akaniuliza kama inaweza kuwa hivyo kwa mwanawe. Inaweza, nikamwambia, ila hajapimwa, na hapa hakuna wa kumpima. Akaniuliza tena, polepole, kama basi haikuwa ile jioni ya ufukweni. Nikamwambia haikuwa.

Mwezi huu jino jingine linatikisika, la pembeni. Bibi keshalitazama paa. Dada anasema safari hii atalifunga kwenye pindo la kanga alitunze mpaka wenye kichupa watakapokuja, na ilinibidi nimwambie kuwa jino likikauka seli za ndani hufa, halifai tena. Linatakiwa liingie kwenye maji yake siku hiyohiyo na lifike maabara ndani ya siku chache. Kutoka nyumbani kwao mpaka kilipo kituo cha utafiti ni mwendo wa bodaboda, dakika kumi.